Land Rover au Land Cruiser? Ubishi wa gereji na hukumu ya barabara za Zuzu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

UKITAKA mafundi wa magari waweke spana chini na kuanza kubishana, ingia katika gereji yoyote ya mjini Dodoma uulize swali moja: kati ya Land Rover na Toyota Land Cruiser, lipi ni gari la kutegemewa? Upande wa Landrova utakukumbusha kwamba hilo ndilo gari lililofika katika vijiji vya nchi hii kabla ya barabara. Upande wa pili utakujibu kwa ule utani wa siku nyingi, unaosimuliwa kuanzia Australia hadi Afrika, kwamba ukitaka kwenda porini panda Land Rover, lakini ukitaka na kurudi panda Land Cruiser.

Kwa mkazi wa katikati ya jiji, ambaye lami inamfikia mlangoni, huo ni utani wa kupitisha mchana. Kwa mwenye shamba au makazi Zuzu, ni suala la fedha na wakati mwingine la uhai. Gari likizimika Januari, na mgonjwa yuko ndani, jina lililobandikwa mbele ya boneti halisaidii kitu.

Zuzu ni kata iliyo magharibi mwa Jiji la Dodoma, kando ya reli ya kati. Wasomaji wengi wa mijini wanaifahamu kutokana na kituo cha kupozea umeme cha Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 na mji huo kutangazwa kuwa jiji Aprili 2018, maeneo ya pembezoni kama hayo yamevuta watu wanaotafuta viwanja na mashamba. Wengi wao huja na magari madogo waliyoyazoea kwingineko, na baada ya msimu mmoja wa mvua huanza kuulizia bei ya gari linalosukumwa na magurudumu yote manne.

Ardhi ya uwanda huu wa kati ina sura mbili. Miinukoni ni kichanga chekundu ambacho wakati wa kiangazi husagika na kuwa vumbi laini kama unga. Mabondeni, kuelekea Bahi, ni udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka hupasuka nyufa na ukilowa hunata katika tairi mpaka gurudumu linageuka kuwa donge. Kati ya sura hizo mbili kuna makorongo ya mchanga, makavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, yanayoweza kufurika kwa saa chache baada ya mvua moja kubwa. Mvua zenyewe si nyingi, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili.

Ardhi hii ilikwisha kuvunja heshima ya mitambo mikubwa kuliko Land Rover. Mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga huko Kongwa, mashariki mwa Dodoma, walileta matrekta na mabuldoza ya mabaki ya Vita Kuu ya Pili, na baadaye hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kabla mwaka huo haujakwisha, sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa imesimama. Udongo wa Kongwa ulikwangua majembe, vipuri havikuwapo, na mafundi waliokuwa wakiielewa mitambo hiyo walikuwa wachache. Mradi ulifutwa mwaka 1951. Mambo hayo matatu, yaani udongo, vipuri na fundi, ndiyo yanayoamua hata leo ubishi wa gereji, ingawa wabishi wenyewe huyataja mwisho.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam Aprili 1948. Uingereza wakati huo ilikuwa na mgawo wa chuma, ilhali alumini ilikuwa ikipatikana kwa wingi kutokana na viwanda vya ndege za vita, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa alumini juu ya fremu ya chuma. Gari hilo lilienea katika makoloni kupitia ofisi za mabwana shamba, polisi na misheni. Kwa hiyo lilipokuja Uhuru, Landrova lilikuwa tayari ndilo jina la gari la shamba kwa Watanzania wengi.

Toyota walianza mwaka 1951 na gari lililoitwa Toyota Jeep BJ. Mwaka 1954 walilibadili jina na kuliita Land Cruiser. Aliyechagua jina hilo, mkurugenzi wa ufundi Hanji Umehara, alieleza baadaye kwamba alitafuta jina lisilopungua hadhi mbele ya washindani, mmojawapo akiwa ni Land Rover ya Uingereza. Ina maana kwamba ushindani huu umo ndani ya jina lenyewe, hata kabla ya gereji ya kwanza ya Dodoma kuuzungumzia.

Lililoiangusha Land Rover machoni pa watu wetu, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, halikuwa ubovu wa injini peke yake. Mwaka 1975 kampuni mama, British Leyland, ilitaifishwa baada ya kuzama katika hasara, na viwanda vyake vilikuwa vikisimama kwa migomo. Kwa upande wetu, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera, nchi ilikosa fedha za kigeni. Gari lililohitaji beringi moja kutoka ng'ambo liliwekwa juu ya mawe, na likakaa hapo kwa miaka. Kisha, biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1986, mlango ulifunguka kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Pamoja na magari hayo zikaja spea zake, mpya na zilizotumika, ambazo leo zimejaa katika maduka ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Hapo ndipo Toyota ilipopata ushindi ambao hauhusiani sana na uimara wa chuma chake. Fundi aliyefungua injini ishirini za aina moja atairekebisha ya ishirini na moja akiwa amefumba macho. Muuza spea mwenye wateja mia wa pampu moja ataiweka dukani, na mwenye mteja mmoja ataiagiza. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450, na spea inayosubiriwa kutoka huko, au kutoka Nairobi, ni siku kadhaa za gari kusimama na mazao kuoza.

Lakini tuyaangalie magari yenyewe, kwa sababu tofauti za kiufundi zipo na si ndogo.

Land Cruiser inayosifiwa zaidi ni ya familia ya 70, iliyoanza mwaka 1984, ile ambayo watu huiita mkonga kutokana na bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Injini iliyoipa jina ni ile ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990: dizeli ya silinda sita, ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta ya kuongoza mafuta. Nguvu zake ni za kawaida kwa ukubwa wake, na ndiyo siri ya maisha yake marefu, maana haikamuliwi. Hedi yake ni ya chuma cha kusubu, kinachovumilia joto kuliko alumini.

Land Rover inayolingana nayo ni ile ya One Ten ya mwaka 1983, ambayo mwaka 1990 ilipewa jina la Defender. Injini yake iliyopendwa zaidi na mafundi wetu ni ya 300Tdi ya miaka ya 1990: silinda nne, lita 2.5, yenye turbo, nayo pia ikitumia pampu ya dizeli isiyo na kompyuta. Inakula mafuta kidogo kuliko 1HZ, jambo ambalo wapenzi wa Land Cruiser hawapendi kulisikia. Udhaifu wake ni hedi ya alumini. Injini ikichemka mara moja kwa nguvu, hedi hujipinda na gasketi kuungua.

Hapa Dodoma inaingia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Maji ya visima katika sehemu nyingi za mkoa huu yana chumvi. Dereva anayejaza rejeta kwa maji ya kisima kila wiki, bila dawa ya kuzuia kutu, anajenga magaga ndani ya njia nyembamba za rejeta. Mwishoni mwa masika, mbegu za majani makavu huziba rejeta hiyo kwa nje. Gari linaanza kuchemka taratibu. Land Cruiser yenye hedi ya chuma huvumilia uzembe huo kwa muda mrefu zaidi, Land Rover yenye hedi ya alumini haivumilii, na jioni gereji nzima inakubaliana kwamba Landrova ni gari bovu. Hakuna anayeuliza yalikotoka maji.

Vumbi nalo halina upendeleo. Chembe za mchanga zikipita katika ea klina iliyochanika au isiyokaa sawasawa, huingia katika silinda na kukwangua kuta pamoja na ringi, kama msasa. Dalili zake ni moshi wa buluu, kumaliza oili na injini kuwa nzito kuwaka asubuhi. Hata Toyota hawakusalimika. Nchini Australia, ambako kuna majangwa na vumbi kama letu, wamiliki wa matoleo ya awali ya Land Cruiser 70 yenye injini ya V8 ya dizeli, iliyoanza mwaka 2007, walilalamikia vumbi kupenya hadi ndani ya injini. Mkonga unaopendeza nje ya gari husaidia kuvuta hewa ya juu yenye vumbi pungufu, lakini kiungo chake kikiwa kimelegea unakuwa pambo tu.

Tofauti nyingine kubwa iko chini ya gari, nayo ndiyo chanzo cha lawama nyingi zisizo za haki. Katika Defender magurudumu yote manne husukumwa wakati wote, kukiwa na difu ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Gurudumu moja likiteleza, nguvu zote hukimbilia huko, na gari husimama mpaka dereva atakapofunga difu hiyo kwa kusukuma mkono mdogo wa gia. Katika Land Cruiser ya familia ya 70, magurudumu ya nyuma ndiyo hufanya kazi peke yake siku zote. Ili ya mbele yafanye kazi, katika matoleo mengi ya zamani, dereva lazima ashuke azungushe kwa mkono hab za magurudumu ya mbele, kisha aingize gia. Asiyelijua la kwanza atakwama na Defender, na asiyelijua la pili atakwama na Land Cruiser, kila mmoja akilaani kiwanda.

Aidha, anayesahau kuitoa gia ya mbele ya Land Cruiser baada ya kufika kwenye lami huibana mifumo ya giaboksi na difu kwa kila kona anayokata, mpaka kitu kivunjike. Na kwenye makorongo ya mchanga, kupunguza upepo wa tairi kutoka paundi 35 hadi 18 au 20 humaliza matatizo mengi ambayo watu hujaribu kuyamaliza kwa kukanyaga mafuta.

Kuna hoja moja ya Landrova ambayo ina uzito Pwani lakini hupungua uzito ikifika huku. Bodi ya alumini haili kutu kama ya chuma, na kwa mwenye gari Tanga au Zanzibar hilo ni jambo kubwa, ingawa fremu ya chini ni chuma na huoza vilevile. Hewa ya Dodoma ni kavu. Land Cruiser ya miaka thelathini inaweza kuonekana hapa ikiwa na bodi nzima bila kiraka.

Mpaka wa kweli katika suala la kutegemeka, hata hivyo, haupiti kati ya Uingereza na Japani. Unapita kati ya injini za pampu ya kawaida na injini za kompyuta, na kila kampuni ina magari pande zote mbili. Mwaka 1998 Land Rover walileta injini ya Td5, ya silinda tano, inayoongozwa kwa umeme. Ni injini imara, lakini ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: oili hupenya katika nyaya za nozeli na kusafiri hadi kwenye plagi ya kompyuta, gari likaanza kukohoa bila sababu inayoonekana. Kuisafisha plagi na kubadili waya huo si kazi ngumu kwa anayejua. Kwa asiyejua, ni miezi ya kubadili pampu, filta na nozeli zisizo na kosa.

Toyota nao, kadiri walivyohamia kwenye dizeli za msukumo mkubwa zinazoongozwa na kompyuta, waliingia katika mashaka yaleyale. Nozeli za injini hizo zina matundu membamba mno na hazivumilii dizeli chafu. Wasomaji wanakumbuka enzi za kuchakachua mafuta, wakati mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa katika dizeli kwa sababu ya tofauti ya kodi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba katika mafuta Septemba 2010, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Hali ilibadilika, lakini dizeli inayouzwa kwa madumu pembezoni, ikiwa na maji na mchanga ndani yake, bado inatosha kuua nozeli za gari la mamilioni.

Ndiyo maana shangingi la mkubwa, linalopita Chamwino kwa kasi likiwa na kiyoyozi, lisichukuliwe kuwa ushahidi wa lolote katika ubishi huu. Gari hilo lina bajeti ya umma na ratiba ya matengenezo, na likiharibika kuna jingine. Ni sawa na mashindano ya Camel Trophy ya mwaka 1991, yaliyoanzia Dar es Salaam na kumalizikia Bujumbura kwa magari ya Land Rover Discovery. Wapenzi wa Landrova huyataja kama shahada, lakini msafara ule ulikuwa na mafundi na spea zake. Mkulima wa zabibu wa Zuzu ana gari moja na simu ya fundi mmoja.

Mapenzi, kwa vyovyote vile, yana nguvu zake. Oktoba 2024 wamiliki wa Land Rover walikusanyika jijini Arusha katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya msafara mrefu wa magari hayo, iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 kwa magari 632. Jiji lililokusanya watu hao ndilo ambalo kampuni zake za utalii zimehamia kwa wingi kwenye Land Cruiser zilizorefushwa. Na katika lugha yetu ya kila siku, gari la polisi lenye mabenchi nyuma huitwa Defender hata pale linapokuwa Toyota. Jina lilibaki, gari likabadilika.

Basi mtu wa Zuzu anunue lipi? Kama anatafuta gari la kazi ya kila siku, na fedha zinamtosha, Land Cruiser yenye 1HZ ina hatari ndogo zaidi, kwa sababu ya spea na mafundi kuliko kwa sababu ya chuma chake. Tatizo ni bei. Magari hayo hayashuki thamani kama mengine, na anayeagiza gari kuukuu kutoka nje anakutana na ushuru wa uchakavu. Kwa mwenye fedha pungufu, Defender ya 300Tdi ni uamuzi wa busara endapo tu anamjua fundi wa Landrova kwa sura, na yuko tayari kubadili mkanda wa taimingi kwa wakati na kujaza rejeta kwa maji safi yenye dawa. Asiye tayari kwa hayo aiache.

Wanaosubiri matoleo mapya yawasaidie wasubiri kwa tahadhari. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Iliyoizindua tena jina hilo mwaka 2019, inayotengenezwa Nitra nchini Slovakia, haina fremu ya chini kama ile ya kwanza na inategemea kompyuta kwa karibu kila kitu. Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 nayo ni gari la kompyuta. Yote mawili ni magari mazuri kwa mtu aliye karibu na wakala.

Anayekwenda kukagua gari lililotumika aende asubuhi, kabla injini haijawashwa. Aguse boneti: ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kuliwasha ili kuficha uzito wa kuwaka. Afungue kifuniko cha rejeta na kutazama rangi ya maji. Yakiwa na mafuta au matope ya kahawia, hedi ina kesi. Achomoe ea klina na kupitisha kidole upande wa ndani wa bomba linalokwenda kwenye injini, kwa sababu vumbi likionekana hapo limekwisha kupita. Apime oili, aulize tarehe ya mwisho ya kubadili mkanda wa taimingi, na alitembeze gari kwa gia ya mbele katika mchanga, si kwenye lami. Muuzaji akikataa mojawapo ya hayo, liwe Landrova au mkonga, aliache hapo hapo liliposimama.